Mguu wa kuku kwenye joto la Malindi: bastola tatu nilizobeba kiunoni

Mie kazi yangu samaki. Mara tatu kwa wiki natoka Malindi na Probox kabla ya adhana ya alfajiri, naenda Ngomeni kupokea kamba na samaki kwa wavuvi. Siku hizi kila mtu ana M-Pesa, lakini wapo manahodha ambao mzigo hauteremki chomboni mpaka waone noti. Ndiyo sababu niliyoieleza nilipoomba cheti cha silaha, na ndiyo sababu mpaka leo natembea na mguu wa kuku, yaani bastola.

Wenzangu wakijua huniuliza lile lile: kaliba gani (yaani upana wa risasi) nzuri, na ibebe risasi ngapi? Nami huwauliza: wewe unavaa nini? Wanadhani natania. Mtu wa Nairobi ana koti na sweta, anaficha hata bunduki ya kuwindia nyati. Mie Februari hapa navaa shati moja jepesi, na saa nne asubuhi limeshagandana na mgongo.

Ya kwanza, 2013, ilikuwa Ceska, CZ 83, ya risasi ya milimita 9 fupi, ile inayoandikwa .380 kwa hesabu ya inchi. Chuma kitupu, gramu 800 hivi kabla hujatia risasi, magazini, kile kibweta cha risasi kinachoingia kwenye mpini, inameza 12. Bastola ya kuaminika, sikatai. Ila ina mambo mawili hukuambiwa dukani. Kwanza, risasi ndogo lakini teke kali. Mtutu wake haufungwi na kitu wakati wa kufyatua. Kinachozuia nguvu ya baruti ni uzito wa slaidi, yaani chuma cha juu kinachorudi nyuma kila ukifyatua, na ugumu wa springi tu, kwa hiyo springi imekazwa kwelikweli. Kuivuta ile slaidi kwa mikono yenye utelezi wa kamba, na giza bado halijatoka, ni kazi. Pili, kutu. Ngomeni ni bahari, na jirani zake Gongoni na Marereni ni mashamba ya chumvi. Nilikuwa naibeba kwenye ala ya ngozi niliyouziwa pamoja nayo, na muuzaji akanisifia kwamba ngozi "inapumua". Haipumui, inakunywa. Ilikunywa jasho langu msimu mzima wa kusi, na siku niliyoichunguza vizuri nikakuta vidoa vya rangi ya hina upande wote unaolalia mwili, na kimoja kimekula chuma hata ukipitisha ukucha unakwama. Tangu hapo ngozi nimeiachia wapanda farasi.

Kuhusu kaliba yenyewe nitasema kidogo tu, maana watu wanagombana bure. 9 fupi na 9 ya Parabellum upana wake karibu ni ule ule. Ganda la moja lina urefu wa milimita 17, la nyingine 19. Lakini fupi inarusha risasi ya gramu 6 kwa mwendo wa mita 290 hivi kwa sekunde, na Parabellum inarusha ya gramu 7.5 au 8 kwa mita 350 na zaidi. Tofauti hiyo si ya mdomoni. Wamarekani nao waliwahi kuchanganyikiwa hapa: 1986 kule Miami maafisa wa FBI, wapelelezi wa serikali yao kuu, walipambana na majambazi wawili, mmoja akapigwa risasi ya 9 iliyosimama kabla ya kufika moyoni, akaendelea kupigana, na maafisa wawili wakafa. FBI wakalaumu risasi, wakahamia milimita 10, kisha .40. Karibu miaka thelathini baadaye wakarudi kwenye 9 ile ile, kwa kuwa risasi zilishaboreshwa na maafisa wao walikuwa wanalenga vizuri zaidi na teke dogo. Hiyo sababu ya pili ndiyo iliyonishika. Mie si askari. Napata nafasi ya kwenda uwanja wa shabaha mara moja kwa mwezi, boksi moja la risasi 50, basi. Kitu kinachonirushia mkono juu sitakizoea kamwe.

Ila hoja yao usiinunue yote. Wao wanazungumzia risasi zenye tundu kichwani, zinazofunguka zikiingia. Mie ninazouziwa ni za kichwa cha mviringo, shaba juu mpaka chini, na hizo kwenye jeli ya majaribio, inayowekwa badala ya nyama ya mtu, hupita zaidi ya nusu mita. Fikiria soko letu la Malindi saa tatu asubuhi, watu wamejaa. Mwalimu wangu wa shabaha, mzee wa bara aliyestaafu upolisi, aliniambia, "Bwana, risasi ikitoka haina mwenyewe mwingine, ni wewe." Tangu aniambie sijatamani kaliba inayozidi 9.

Desemba 2018 serikali ilipoamuru wenye silaha wote wahakikiwe upya, nilipita, na baada ya hapo nikaomba kubadilisha. Kwetu bastola haibadilishwi kama simu. Cheti kinataja silaha yenyewe, kinataja na idadi ya risasi unazoruhusiwa kununua na kukaa nazo, na kila mwaka unakihuisha. Ukichagua vibaya utakaa na kosa lako muda mrefu.

Nami nikachagua vibaya. Muuzaji alinitia kichwani neno "kumi na tano". Glock 19, ya 9 ya Parabellum: 15 kwenye magazini, moja chemba, yaani tayari ndani ya mtutu. Nikajiona sultani. Bastola yenyewe sina neno nayo, nyepesi kuliko Ceska kwa gramu 200 hivi, slaidi haikuota kutu hata mara moja, uwanjani nikawa nakusanya matundu mahali pamoja mpaka mzee akanyamaza, naye si mtu wa kunyamaza. Kitu kimoja tu kilinisumbua miezi ya mwanzo: haina kile kitufe cha sefti cha kusukuma kwa dole gumba, usalama wake uko kwenye triga na ndani. Dole langu lilikuwa likitafuta kitufe cha Ceska ambacho hakipo.

Shida ilikuwa mpini. Milimita 34 za unene si kitu ukizisoma, lakini zifunge kiunoni na shati la pamba. Nikiinama kupima kamba kwenye mizani, kitako kinachomoza kama mtu aliyeficha mhogo. Kijana mmoja wa pale bandarini akaniuliza kwa sauti, "Mzee, kiuno kina jipu?" Watu wakacheka, mie nikacheka nao, lakini siri imekwisha. Ijumaa ndiyo sikwambii. Kanzu inaficha vizuri ukisimama, ukienda rukuu aliye safu ya nyuma anaona yote, na kuitoa lazima upandishe kanzu mpaka kifuani. Ijumaa ikawa inabaki kwenye sefu. Halafu na Jumanne, kwa vile mkanda wa gari unaikandamiza ubavuni. Mwisho ikawa inasafiri ndani ya mkoba wa pesa, kiti cha nyuma.

Asubuhi moja kabla ya kufika Gongoni, vijana wawili wenye pikipiki wakanisimamisha, wamesimama katikati ya barabara. Mkono wangu ukaenda kiunoni wenyewe. Hakuna kitu. Kumi na tano zote ziko nyuma, zimelalia laki mbili na nusu. Walikuwa na pancha, wanataka pampu. Niliwapa pampu, nikakaa ndani ya gari nikitetemeka mpaka walipomaliza.

Nyumbani Mama Salma akaniuliza kwa nini nimepauka. Nilipomweleza akasema, "Basi Baba Salma, hicho chuma unakilipia nauli tu."

Sasa nina Glock 43X, mwaka wa tatu huu. Risasi 10 na moja ya chemba, kaliba ile ile, unene milimita 28, na ikijaa haifiki gramu 700. Inapiga teke zaidi kidogo kuliko 19, kwa kuwa ni nyepesi, na kwa wembamba wake inakata kiganja ukimaliza boksi. Shabaha yangu mita saba ni ile ile, mita kumi na tano imepungua, sitadanganya. Lakini inakaa kiunoni tangu nikitoka mlangoni mpaka narudi, nimevaa shati lile lile, na yule kijana wa jipu hajauliza tena. Ala nimechukua ya plastiki ngumu, ndani ya suruali, naiosha kwa maji ya bomba kila jioni. Bastola naipangusa kwa kitambaa chenye mafuta, hasa sehemu ya kulengea ya mbele na pini ndogo ndogo, maana slaidi inavumilia chumvi kuliko vile vitu vidogo. Ijumaa bado inabaki nyumbani. Hilo sijalipatia dawa.

Lalamiko langu kubwa ni magazini. Zile za 19 haziingii kwenye 43X, na nilikuwa nazo tatu. Duka lilizipokea kwa bei ya kunidhalilisha. Na magazini ya akiba nilikuwa naiweka mfuko wa kushoto wa suruali, mpaka siku nilipoitoa uwanjani ikakataa kusukuma risasi ya tatu. Mzee akaimwaga mezani: mchanga, na gamba moja la samaki limebandika ubavuni mwa risasi kama stempu. Akanitazama, akaninyooshea kitambaa. Sasa ina kifuko chake chenye kifuniko, shilingi mia tano kwa fundi wa viatu pale Majengo.