Stendi ya simu yenye rimoti: maoni ya fundi cherehani wa Kigoma

Ukiniuliza kama hii stendi ya elfu ishirini na tano inafaa, nitakujibu hivi: rimoti inafaa sana, stendi yenyewe inavumilika. Ni ile nyeusi ya miguu mitatu, unaivuta inarefuka, juu ina kishikio cha simu, na pembeni imechomekwa rimoti ndogo inayoenea kiganjani. Jina la kampuni halipo popote, si kwenye boksi wala kwenye miguu. Niliichukua Mwanga, hapa hapa Kigoma mjini, muuzaji akaanzia elfu thelathini na tano, tukavutana mpaka tukaelewana.

Mimi nashona magauni ya vitenge, mashati na sare za harusi. Wateja wangu wengi wanaona kazi kwenye status kwanza ndipo wanakuja na kitambaa mkononi. Gauni likiwa kwenye henga halisemi chochote, na mrembo wa kumlipa avae sina, kwa hiyo navaa mwenyewe. Zamani mdogo wangu ndiye alikuwa ananipiga. Akishika simu yeye, ama miguu haipo ama nusu ya picha ni mawingu, na ukimwambia arudie ananuna.

Selfi ya mkono hainisaidii. Inaonyesha uso na bega, gauni liko chini huko, na uso ukikaribiana na lenzi pua inajaa kuliko ilivyo. Isitoshe kamera ya mbele ya simu yangu ni megapikseli 8, wakati ya nyuma inatoa picha za megapikseli 12, yaani pikseli 4,000 kwa 3,000. Lazima utumie ya nyuma. Taabu yake ni kwamba kioo kinabaki upande wa pili, hujioni umesimama wapi.

Taabu hiyo si ya leo. Mwaka 1839 huko Philadelphia, Marekani, Robert Cornelius alitoa kamera yake nje ya duka la taa la familia yao, akaipanga, akaja mbele yake akajipiga mwenyewe. Picha ile inahesabiwa kati ya picha za kwanza kabisa za mtu kujipiga, na iko Maktaba ya Bunge la Marekani. Ukiitazama, hayuko katikati, kasogea pembeni, nywele timtim. Mimi naipenda hivyo hivyo. Mtu akisimama katikati kabisa anakuwa kama wa paspoti, lakini ukimsogeza kwenye theluthi ya picha, Ziwa Tanganyika linapata nafasi na gauni linapata pa kupepea.

Namna ya kusimama bila kujiona ni hii. Washa gridi kwenye kamera, ile mistari inayogawa kioo mara tatu. Chomeka kijiti mchangani pale utakaposimama, ukiweke kwenye mstari mmoja wa gridi. Bonyeza kijiti hicho kwenye kioo usiachie, mpaka simu ifunge fokasi, halafu shusha mwanga kidogo kwa kidole. Ng'oa kijiti, simama pale pale. Baada ya hapo rimoti ndiyo inafanya kazi. Inaungana kwa Bluetooth, nayo inachotuma ni amri ile ile ya kitufe cha kuongeza sauti, kwa hiyo ingia kwenye mipangilio ya kamera uhakikishe kitufe cha sauti kimewekwa kupiga picha. Kwenye simu nyingine kinavuta picha karibu, watu wanarudisha rimoti dukani wakidhani ni mbovu. Mimi naongeza na taima ya sekunde 3: nabonyeza, nadondosha rimoti mfukoni, mikono inakuwa huru. (Magauni yangu yana mifuko. Anayetaka bila mfuko aseme mapema.)

Ufukweni Katonga ndiko napiga sana, kabla mchanga haujajaa dagaa wa kuanikwa. Wageni wakija Kigoma wanakimbilia jua la kuzama, nalo ni zuri kweli, linashukia upande wa Kongo. Lakini ukitaka ziwa liwe nyuma yako saa hizo, jua nalo liko nyuma yako, uso na rangi za kitenge vyote vinakuwa giza. Kwetu ziwa liko magharibi, kwa hiyo picha ya ziwa yenye uso unaoonekana ni ya asubuhi, jua likitokea nyuma ya vilima vya mjini na kukupiga mbele. Usikurupuke mapema kama uko Dar, huku jua linachelewa kwa karibu dakika 40. Saa moja na nusu mpaka saa mbili na nusu panatosha. Kiangazi ukungu wa vumbi unameza milima ya Kongo, lakini mvua ikishanyesha kukapambazuka vizuri, milima inajipanga nyuma yako bila gharama.

Sasa jambo ambalo muuzaji hakuambii. Sifa aliyoniimbia ni urefu, kwamba stendi inafika kimo cha mtu. Kwa picha za gauni sihitaji kimo hicho hata kidogo. Ufukweni mstari wa maji kwenye picha unakupitia pale pale ilipo simu: ukiinua simu mpaka shingoni, ziwa linakukata shingo, ukiishusha kiunoni, mstari unapita kwenye mkanda wa gauni na kichwa kinabaki angani peke yake, safi. Tena simu ikiwa kiunoni miguu haifupishwi. Na hapo stendi iko nusu tu ya urefu wake, haitikisiki.

Ukiivuta yote, upepo wa ziwa unaichezea. Nimeshona kifuko cha mabaki ya kitenge, najaza mchanga hapo hapo, nakining'iniza kwenye kikulabu cha katikati. Siku moja mzee mmoja anayefuma nyavu alinitazama mpaka akachoka.

"Mwanangu, unacheka na nani?"

"Shikamoo baba. Najipiga picha."

"Marahaba. Sasa anayekupiga yuko wapi?"

Nikamwonyesha rimoti. Akaibonyeza mwenyewe, simu ikalia, akairudisha upesi kiganjani mwangu. Picha ile ninayo, kidole changu kimenyooshwa na nusu ya kofia yake pembeni.

Ujiji kwenye miembe kuna kivuli kizuri, ila usisimame chini ya matawi yenyewe, jua linapenya kwenye majani linakutia madoa usoni. Simama ukingoni mwa kivuli, ukiangalia kweupe. Stesheni, lile jengo la Wajerumani la wakati reli inafika Kigoma mwaka 1914, linahitaji stendi iliyonyooka kweli, maana mistari ya jengo inaumbua simu iliyoinama hata kidogo. Waombe walinzi ruhusa kwanza.

Kukata picha ndiko watu wanakoharibu. Mimi nakata picha kama ninavyokata kitambaa, naacha ya mshono. Wakati wa kupiga nasimama mbali, najiachia nafasi juu, chini na pembeni, nikijua nitapunguza baadaye. Zile pikseli 4,000 kwa 3,000 ukizikata nusu kila upande unabaki na 2,000 kwa 1,500, na picha ya kusafisha ya inchi 4 kwa 6 inataka 1,800 kwa 1,200 tu. Kwa hiyo nafasi ipo. Isipokuwa usivute picha karibu wakati wa kupiga ukidhani unapata zaidi. Simu nyingi zinakukatia tu zenyewe, na kilichokatwa hakirudi.

Kuna studio moja hapa mjini walinisafishia picha ya gauni la mikono ya puto, mkono mmoja ukarudi umekatwa. Picha ya simu ni 3 kwa 4, karatasi ni 4 kwa 6. Ukiijaza karatasi, nusu inchi ya upana lazima iende, na mashine haijui mkono wa puto ni nini. Siku hizi nakata mwenyewe kwa kipimo cha karatasi kabla sijapeleka, na naituma kama dokumenti, maana WhatsApp ikituma kama picha inaibana. Status nayo ina vipimo vyake: ukitaka ijae kioo chote kwa 9 kwa 16, robo nzima ya upana inaondoka. Picha ya wasifu ni duara, pembe zote nne zinakufa, hiyo nakata kifua na uso tu.

Pa kukata mwilini pia pana adabu yake. Usikate kwenye goti, kifundo cha mguu wala kiwiko, mtu anaonekana kapungukiwa. Kata katikati ya paja, au uache miguu yote. Gauni refu huna uamuzi: pindo lazima lionekane na ardhi kidogo chini yake, mteja anataka kujua linaburuza au haliburuzi.

Ubaya wa stendi: vibano vya miguu ni plastiki laini na kimoja changu kimeanza kuteleza, mchanga wa Katonga unaingia kwenye maungio (ipanguse kabla ya kuikunja, la sivyo inasaga), na rimoti haina taa ya kukuonya betri ikikaribia kuisha. Betri zenyewe ni zile za kidonge, zinapatikana kwa mafundi saa. Umbali wa hatua kumi inafika bila shida, zaidi ya hapo inabahatisha.

Kwa fundi, muuza mitumba, msusi, yeyote anayeuza kwa picha na hana wa kumshikia simu, nunua. Anayetaka ya kurekodi video akitembea nayo, hii si yake. Ukiwa dukani toa simu yako na kava lake uibane pale kwenye kishikio, uigeuze chini juu mbele ya muuzaji. Kava langu nene halikuingia, nalivua kila ninapopiga.