Kaloleni kwa miguu: thao moja, masaa manne na kikopo cha Blue Band

Watu kadhaa wameniuliza inbox kama yale matembezi ya Kaloleni, ule mtaa wa zamani wa Eastlands, mashariki ya Nairobi, yana maana ama ni ya kupiga picha tu na kurudi nyumbani, basi wacha nijibu wote hapa mara moja. Nendeni. Nina malalamiko yangu na nitayasema yote, lakini nendeni.

Ni hivi, kuna vijana wa mtaa, wengi wao wamezaliwa hapo hapo, kila baada ya wikendi kadhaa wanakutembeza Kaloleni kwa miguu. Thao moja (shilingi elfu moja) kwa kichwa, unatuma M-Pesa halafu wanakuambia kwa WhatsApp mkutane wapi. Jina la kikundi sitaliweka hapa kwa sababu nitawalalamikia huko chini na ni vijana wanaojaribu, lakini ukifika mtaani ukauliza utaonyeshwa. Mimi nilienda na kakangu mdogo, tukashuka City Stadium, siku hizi inaitwa Joe Kadenge, tukaingia ndani na matope yake maana mvua ilikuwa imepiga usiku kucha.

Tuliambiwa saa tatu asubuhi. Tulianza saa nne na nusu. Kuna mama alikuwa ametoka Ruai na mtoto mgongoni, amesimama hapo saa nzima na nusu, hakuna kiti, hakuna hata mtu wa kumwambia pole mama tunakuja. Hapo mlikosea. Kama ni saa nne na nusu semeni saa nne na nusu watu wapange siku yao.

Sasa wakishaanza, hao watu wanajua kazi yao walai. Dada aliyetuongoza hakuanza na hotuba, alitusimamisha karibu na Kaloleni Social Hall akasema angalieni kwanza, msiulize kitu. Tukaangalia. Nyumba za chini zenye paa za vigae, njia zinapinda badala ya kunyooka, na katikati uwanja wazi ambao ni wa kila mtu. Halafu ndio akaeleza, huu mtaa ulijengwa miaka ya 1940, na wakati huo serikali ya mkoloni ilikuwa inamhesabu Mwafrika hapa Nairobi kama mgeni tu, anakuja kufanya kazi, mke na watoto wamebaki ocha, yaani kijijini, analala kwa kitanda cha kukodi na mkataba ukiisha anarudi. Kaloleni ni kati ya mitaa ya kwanza iliyojengwa ikifikiria kwamba huyu mtu ana familia. Ndio maana mtoto ana mahali pa kukimbia. Mimi nimekulia Umoja, ploti juu ya ploti, nikaangalia ule uwanja nikaelewa kwa nini watu wa huku hawataki kutoka.

Halafu akatuambia kitu ambacho nilikuwa sijui kabisa na nimepita Jogoo Road maisha yangu yote. Tarehe 30 Machi 1950 Nairobi ilipewa hati ya kuwa jiji, na vyama vya wafanyakazi vikagomea sherehe, maana hilo jiji lilikuwa la nani? Wiki tatu na siku kidogo baadaye, 23 Aprili, kwenye ukumbi huo huo wa Kaloleni, mkutano wa pamoja wa KAU, chama cha siasa cha Waafrika, na chama cha Wahindi, Makhan Singh, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, akasimama akatoa hoja kwamba nchi za Afrika Mashariki zipewe uhuru kamili, tena sasa. 1950! Katikati ya Mei yeye na mwenzake wa vyama vya wafanyakazi Fred Kubai wakakamatwa, mji ukaingia mgomo mkubwa, na Makhan Singh hakuachiliwa mpaka 1961. Mimi huo ukumbi nilikuwa naujua kwa mikutano ya matanga. Nilikaa hapo kwa ngazi dakika moja nikiwaza ni watu wangapi wameketi hapo ndani wakichangia jeneza na hawajui uhuru uliombwa kwa sauti ndani ya hizo kuta.

Tukapitia maktaba pia. Hiyo ya Kaloleni ni moja ya tatu za kaunti, pamoja na ya Makadara na ile kubwa ya McMillan huko tao, iliyofunguliwa 1931 na kwa miaka mingi ikawa ya wazungu peke yao. Shirika la Book Bunk, ambalo Wanjiru Koinange na Angela Wachuka walilianzisha 2017, ndio wamekuwa wakizifufua na kaunti, na ukiingia hiyo ya Kaloleni unaona ni kazi ya mtu aliyekuwa anafikiria mtoto. Hatukukaa sana, tuliingia kwa adabu, watoto walikuwa wanasoma. Kuna kasichana kalikuwa kamelala tumbo sakafuni na kitabu, miguu juu, kanasoma kwa kunong'ona na kakikosa neno kanarudi nyuma kanaanza sentensi upya. Kwa chumba kimoja cha watu sita hiyo nafasi unaipata wapi? Kakangu alikataa kutoka, ilibidi nirudi kumtoa.

Lakini kitu chenyewe, kitu ambacho ningelipa hata thao mbili, ni nyumba ya Dani. Ni shosho mmoja mjaluo, kila mtu pale anamwita Dani, yaani nyanya kwa Kijaluo, na sisi pia tukamwita hivyo. Anawapokea watu wanne wanne tu kwa sababu nyumba ni ndogo, wengine mnangoja nje kwa ua la kayaba. Aliniambia, "Nyathina (mtoto wangu), kaa, usisimame kama mtu wa kuuza kitu." Nikakaa. Chai tayari, ya maziwa, imekolea tangawizi. Halafu akavuta kikopo cha Blue Band kutoka chini ya kabati, cha bati, kile cha zamani, rangi imetoka mpaka herufi unazikisia, akafungua na kutoa kadi ya kodi ya nyumba imefungwa kwa nailoni mara mbili.

Hiyo kadi imejaa mihuri ya zambarau. Mwezi baada ya mwezi, mwaka baada ya mwaka, na yeye anapita na ukucha wake juu ya kila muhuri polepole kama anachambua maharagwe. Hapa mzee alikuwa Railway. Hapa mtoto wa tatu alizaliwa. Hapa tulikosa mwezi mmoja, mzee alikuwa hospitali, tukalipa miwili pamoja. Jina lililoandikwa juu ni la mzee wake, na mzee ameaga tangu 1994. Amejaribu kubadilisha jina liwe lake, ofisi moja ikamtuma nyingine, hiyo nyingine ikamwambia arudi, amerudi mpaka magoti yamekataa. Basi sasa akisikia mtaa utahesabiwa kabla ya kujengwa upya swali lake ni moja tu, wakija kuuliza mwenye nyumba ni nani, wataniona mimi ama watamuona marehemu?

Hilo swali ndilo linafanya haya matembezi yasiwe ya kuchekelea vitu vya kale. Maana mnajua kinachoendelea huku Eastlands. Mitaa mingi ya zamani, ya kanjo (halmashauri ya jiji) na mingine, iko kwa mipango ya kuvunjwa ijengwe ghorofa. Pangani nyumba zilizobomolewa zilikuwa 48 na mahali pake zikapangwa 1,562. Makongeni, ambao ni majirani kabisa wa Kaloleni, 2025 nyumba zilianza kuanguka. Na mimi sisemi nyumba mpya ni mbaya, jamani, mimi mwenyewe nakatwa ile asilimia 1.5 kwa payslip kila mwezi ya nyumba za bei nafuu na ningependa nione imezaa kitu. Mabomba ya huku yamechoka, choo kinafurika, paa zinavuja na hakuna anayezitengeneza, hata Dani ana sufuria mbili sakafuni za kukinga maji. Shida ni kwamba mtu aliyelipa kodi ya kanjo maisha yake yote anaambiwa bei nafuu na hiyo bei iko juu ya mfuko wake, halafu ghorofa zikisimama anayeingia ni mwenye mshahara wa benki na gari mbili, na Dani yuko wapi? Yuko ocha kwa watu asiowajua, ama yuko kwa chumba Kayole. Tumeshaona hii sinema mitaa mingine.

Mwisho wa matembezi mnarudi uwanjani, kuna turubali, kuna madondo na chapo, yaani maharagwe na chapati (mia moja na hamsini, haiko ndani ya ile thao moja, beba pesa) na chapo ni zile laini zinazopasuka tabaka tabaka, akina mama wa hapo wanapika na pesa inabaki kwao. Halafu vijana wanatoa meza na karatasi. Hapo ndio niliona ile thao moja inaenda wapi. Wanachukua tangazo la kaunti, lile la kuita watu kwa ushirikishwaji wa umma, limejaa kizungu cha mawakili, wanalisoma kwa sauti kwa Kiswahili sentensi kwa sentensi, mtu akisema hapo sijashika wanarudi. Katiba kifungu cha 43 kinasema nini kuhusu nyumba, cha 35 kinasema nini kuhusu haki ya kupata habari. Halafu wanakusaidia kuandika barua, ya kuomba mpango wa mtaa wako, ramani, idadi ya nyumba, nani atahesabiwa na kwa kigezo gani. Ile sheria ya kupata habari ya 2016 inawapa watu wa kaunti siku 21 wakujibu, na hawa vijana wana kitabu cha mistari, kila barua tarehe ya kwenda, muhuri wa kupokelewa, tarehe ya siku ya 21 imepigwa mstari kwa kalamu nyekundu. Karatasi, printa, nauli ya kupeleka, hiyo ndio thao yako. Nilimuona mzee mmoja anaandika jina lake kwa barua pole pole na herufi kubwa, akamaliza akaipuliza wino kama siku za kalamu ya kuchovya.

Sasa malalamiko yaliyobaki. Moja ni picha. Kuna jamaa wawili kwa kundi letu walikuwa na kamera kubwa na walikuwa wanapiga nguo za watu kwa kamba, mtoto anaogeshwa kwa beseni, mama wa watu ameinama anafua, na hakuna kiongozi aliyewazuia mpaka huyo mama mwenyewe alipoinuka akawauliza kama wangependa mama yao apigwe hivyo. Niliona aibu mimi. Hiyo sheria isemwe mwanzoni kabisa, kabla ya hatua ya kwanza, usipige mtu bila kumuuliza.

La pili ndilo linaniuma zaidi. Matembezi yanapita kwa nyumba za mawe peke yake. Nyuma ya hizo nyumba kuna vyumba vya mabati, zile ekstensheni, na kuna watu wengi wanaishi humo, wanalipa kodi kwa mwenye kadi, hawamlipi kanjo. Nilikula chapo na kijana mmoja wa huko, fundi wa viatu, akaniambia bila hasira, "Mimi niko hapa miaka kumi na moja na sina kadi, kwa hivyo sipo." Nikamuuliza yule dada kiongozi mbona hatukupita huko, akanijibu ukweli, na nampa heshima kwa hilo, kwamba wazee wengine wenye kadi hawapendi habari ya ekstensheni itajwe, wanaogopa itatumiwa kusema mtaa umekuwa slamu ubomolewe haraka. Naelewa hiyo hofu. Lakini kama mnapigania mtaa usihesabiwe vibaya na nyinyi wenyewe mnaruka watu mkihesabu, siku ya siku hao watu wa mabati watasimama na nani? Fundi viatu alikuwa amekaa mita mbili kutoka kwa ile meza ya barua na hakuna aliyemwita. Mwiteni. Wikendi ijayo tu mwiteni, mumpe kalamu.

Kwa hivyo mimi nawapa nne kwa tano, na ile moja mtaipata mkifika kwa mabati.

Mkienda, vaeni viatu vya matope kama kumenyesha. Bebeni pesa ya chakula na ya akina mama wanaouza njugu kando ya uwanja. Usiende na gari, hakuna pa kuweka bila kuziba mlango wa mtu. Masaa manne ni mengi, kama una mzee au mtoto mwambie kiongozi mapema wanajua pa kukatiza. Na kama nyumbani kwenu kuna kadi ya zamani ya kodi, picha ya mtaa, risiti ya kanjo, chochote cha Kaloleni, Mbotela, Maringo, Shauri Moyo, Bahati, piga kopi uwapelekee, wanaziweka kwa faili na wameshajaza mbili. Mamangu alizaliwa Mbotela, jana amepindua kabati lote anatafuta ya babu.