Seti ya kuvulia kwa nzi bandia, namba 5: fimbo ni nzuri, uzi hapana

Anayeinunua seti hii ya mfuko mweusi ili avulie Bukavu, kando ya Ziwa Kivu, ajue mapema kwamba anachonunua hasa ni fimbo. Mfukoni mna fimbo ya kaboni ya vipande 4, urefu mita 2.74, gurudumu la uzi, uzi wenye alama WF5F (uzito uko mbele, namba 5 ya uzito wa uzi, unaelea), uzi wa mwisho mwembamba unaofungwa nzi, na kisanduku cha nzi bandia, yaani ndoano zilizovishwa zifanane na wadudu. Yote yamepangwa kwa ajili ya samaki trauti wa Ulaya, majira ya kuchipua, maji yakiwa bado baridi. Ziwa Kivu liko mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, lakini maji yake ya juu hukaa kwenye joto la digrii 23 au 24 za Selsiasi, na samaki wa kutafutwa ukingoni ni tilapia.

Fimbo inapinda vizuri kuanzia katikati na haichoshi mkono. Kasoro yake ni maungio: baada ya kutupa mara nyingi, kipande cha juu hulegea na kuchomoka, au kupasuka kwa sababu kimechezacheza ndani ya tundu lake. Paka nta kidogo ya mshumaa kwenye maungio, sukuma huku ukizungusha kidogo, kisha yakague kila nusu saa.

Uzi ndio unaoudhi. Katika uvuvi huu nzi karibu hana uzito, uzi ndio unaombeba: kwa namba 5, mita 9 za mwanzo zina uzito wa gramu 9 hivi. Uzi wa maji baridi ukipigwa na jua la Bukavu, ngozi yake hulainika na kunata kwenye pete za fimbo zinazopitishia uzi. Mtupo unaishia mita 7, na mvuvi anadhani kosa ni la mkono wake. Kuufuta kwa kitambaa chenye maji ya sabuni na kuukausha husaidia kwa asubuhi moja. Dawa ya kudumu ni uzi ulioandikwa kuwa ni wa nchi za joto, namba ileile 5, unaoelea.

Uzi wa mwisho una mita 2.7. Ni mfupi mno kwa maji maangavu ya Kivu, kwa kuwa tilapia anauona uzi mnene ukitua. Unganisha wako kwa nilon ya sokoni: mita 1.5 ya milimita 0.40, sentimita 90 ya 0.30, sentimita 50 ya 0.22, kisha sentimita 70 ya 0.16. Jumla ni mita 3.6. Lowesha kila fundo kwa mate kabla ya kulikaza. Nilon ikikazwa kavu hupata moto na kukatika papo hapo samaki anapovuta.

Nzi wanaoelea, wenye mbawa kubwa, waache kisandukuni. Tilapia ana mdomo mdogo na huokota chakula polepole, kwa hiyo wanaofaa ni wale wadogo wa kuzama, weusi au kijani cha mwani, ndoano namba 12 na 14. Tupa, hesabu hadi 10 nzi azame, kisha kunja uzi vidoleni taratibu. Usingoje kishindo: angalia pale uzi unapoingia majini. Uzi ukisogea kidogo tu, uvute kwa mkono wa kushoto bila kuinua fimbo, maana ukiinua unamnyang'anya nzi mdomoni.

Fukwe nyingi za Bukavu zina ukuta au miti mgongoni, kwa hiyo jifunze kutupa kwa kuviringisha uzi mbele bila kuurusha nyuma. Tena angalia juu. Kaboni hupitisha umeme, na nyaya za umeme zinazoning'inia karibu na maji si chache. Radi ikianza, laza fimbo chini uondoke. Wakati mzuri ni asubuhi kabla ya upepo. Mvua za Septemba zikianza, kaa mbali na midomo ya mito Kawa na Kahuwa, kwa sababu tope na plastiki huficha nzi na kunasa uzi.

Bana kijino cha ndoano kwa koleo. Tilapia jike wa aina nyingi hulea mayai na watoto mdomoni, na ndoano isiyo na kijino hutoka upesi bila kumshika sana. Ukimwona ametema watoto, mwachilie palepale, mikono ikiwa imelowa.

Gurudumu linatosha, breki yake ikifunguliwa na kufutwa mchanga. Muuzaji akikubali kutenganisha, chukua fimbo na gurudumu tu, fedha inayobaki iende kwenye uzi.