Saa kumi na tano Addis: nilivyosaka tiketi rahisi nikiwa Tanga

Wenyewe husema Tanga ni waja leo, waondoka leo. Lakini tiketi yangu ya Guangzhou, China, ilinitaka nifike Addis Ababa asubuhi na nisiondoke mpaka usiku: saa 15 na dakika 10 za kungoja ndege ya pili. Nilipoiona kwenye simu nikadhani mtoto wa dada yangu kabonyeza pasipotakiwa.

"Mamdogo, hapo ndipo bei iliposhukia," akanijibu, macho hayatoki kwenye mpira.

Nauza mapazia na mashuka Ngamiani. Mara moja kwa mwaka, mambo yakininyookea mara mbili, naenda Guangzhou kuchagua vitambaa kwa mkono wangu, kwa sababu kitambaa cha kuagiza kwa picha kilishanitia hasara: nimelipia rangi ya dhahabu, mzigo unafunguliwa natazamana na hudhurungi. Miaka yote tiketi nilikuwa nakatiwa na wakala. Yeye anataja bei, mimi natoa pesa, tunaagana. Mara ya mwisho alinitajia dola 1,010 nikalipa bila kuuliza. Hii ninayoisimulia nililipa 742. Hizo dola 268 zilizobaki kwangu ni majora ya kitambaa.

Tulichotumia ni Google Flights. Haiuzi tiketi yenyewe. Inakuonyesha nani anaruka, lini na kwa bei gani, kisha inakupeleka kwenye tovuti ya shirika au ya wakala ukalipe huko. Kinachonifurahisha ni kalenda. Unaifungua unaona bei ya kila siku chini ya tarehe yake, na mtu mwenye duka lake kama mimi hana anayemlazimisha kusafiri Ijumaa. Nilisogeza safari kwa siku nne tu, bei ikaporomoka. Nikagundua pia kwa nini wakala alikuwa ananitajia bei za kutisha: nilikuwa napenda kwenda Aprili na Oktoba, na hiyo ndiyo miezi ya maonesho ya biashara ya Canton, dunia nzima inamiminika Guangzhou. Kitambaa ninachokitaka mimi kinauzwa mwaka mzima.

Jambo la pili linatuhusu sisi wa Tanga kuliko mtu wa Dar. Sehemu ya kuandika unakotokea inapokea zaidi ya uwanja mmoja. Tukaweka Dar es Salaam, Mombasa, Kilimanjaro na Zanzibar kwa pamoja. Ukitazama ramani, Mombasa ndiyo jirani yetu: kilomita kama 180 kwa kupitia mpaka wa Horohoro, wakati Dar ni kama 350. Mtanzania haombi viza kuingia Kenya, na siku hizi barabara ya Dongo Kundu inakuepusha na foleni ya kivuko cha Likoni. Siku niliyotafuta, Mombasa ilikuwa chini ya Dar kwa dola 60.

Sikuichukua. Ukienda Mombasa na kibegi cha nguo ni raha tupu, lakini mimi narudi na mabegi mawili ya kilo 23 kila moja yamejaa sampuli na vitambaa. Nikitua Mombasa nimeingia Kenya na bidhaa za China, kisha nazivusha tena Horohoro kuingia Tanzania. Maelezo mara mbili, mifuko kufunguliwa mara mbili. Anayekwenda kusoma, kutibiwa au kutembelea ndugu asiache kuitazama Mombasa. Mfanyabiashara apige hesabu kwanza.

Kuna uvumi kwamba ukitafuta safari moja mara nyingi bei hupandishwa makusudi, ufute historia ya simu. Nilijaribu kwa simu tatu wakati mmoja: yangu, ya kijana, na ya jirani ambaye hajawahi kutafuta tiketi maishani mwake. Bei ile ile kwa zote tatu.

Tulipoipata ile ya 742, ya shirika la Ethiopian, kulikuwa na nyingine siku iliyofuata yenye saa tatu tu za kungoja, ila ile ni 890. Hapo ndipo niliposita. Nikachukua nyuma ya daftari la madeni nikaandika vyote: basi kutoka stendi ya Kange hapa Tanga hadi Mbezi, Dar, bajaji, chakula, na kulala Addis kama nitalala kwa pesa yangu. Bei unayoonyeshwa kwenye simu ni ya kiti peke yake. Kabla ya kulipa nikapiga simu ofisi yao ya Dar nikauliza habari ya hoteli. Nikaelezwa hivi: ukingoja kati ya saa 8 na 24, na kwa siku hiyo hakuna ndege ya kukuunganisha mapema zaidi, wanakupa chumba, chakula na gari la kwenda na kurudi. Lakini kama ndege ya mapema ipo na wewe umejichagulia kungoja kwa hiari yako, usitegemee. Yangu ilikuwa ya pekee kwa siku ile. Nikalipa kwa kadi palepale.

Sasa kuhusu tarehe, jamani. Ndege yangu iliandikwa tarehe 14, 04:30. Hiyo ni saa kumi na nusu alfajiri, usiku wa kuamkia tarehe 14, kwa hiyo kutoka Tanga ni tarehe 13 asubuhi. Shoga yangu wa Makorora tiketi yake iliandikwa tarehe 9, 01:15. Akafika uwanjani tarehe 9 jioni, na wasindikizaji wake na chapati kwenye hotpoti. Ndege ilikuwa imeondoka tangu saa saba na robo ya usiku uliopita. Kwa hesabu yetu sisi usiku hutangulia mchana, wala hakuna la ajabu. Ni simu ndizo zinazotuvuruga.

Addis tulitua saa moja na dakika ishirini asubuhi. Usifuate msafara wa wanaounganisha ndege. Tafuta kaunta ya wanaopewa hoteli, na uwe na pasipoti, tiketi ya mbele na subira. Mimi nilisimama kama dakika 50. Wakanipa karatasi ya hoteli, nikapita uhamiaji bila kulipia viza, nje kuna basi dogo linangoja. Mabegi makubwa sikuyaona tena. Yalishabandikwa Guangzhou tangu Dar. Basi, kama wewe ni mtu wa kubadilisha nguo, weka za siku moja kwenye begi la mkononi, na weka na sweta. Addis iko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari. Mimi ninayeishi na bahari miguuni nilipanda ngazi mbili za hoteli nikahema kama nimetoka kusukuma mkokoteni.

Chumba kilikuwa safi, maji ya moto yapo, intaneti ya kubahatisha. Chakula cha kawaida. Sitakisifu wala sitakilaumu.

Kilichonipa raha ni saa. Dereva alipotushusha akainua kidole kimoja akatwambia tena na tena, kwa Kiingereza, gari la kurudi uwanjani ni "one o'clock". Mfanyabiashara mmoja kutoka Ghana, tuliyekuwa naye safari moja ya Guangzhou, akashtuka: kwa hesabu yake hiyo ni mara tu baada ya adhuhuri, na ndege ni usiku! Akaghairi kutoka, akakaa mapokezi na begi lake. Mimi nikamuuliza dereva kwa Kiswahili changu, huku namwonyesha kwa mkono jua linavyozama: "Saa moja?" Akacheka. "And se'at! Ishi, ishi." Yaani saa moja, sawa sawa. Kumbe Wahabeshi huhesabu saa kama sisi, hesabu inaanza jua likichomoza, na hata neno lenyewe ni ndugu wa letu. Saa moja yao ni saa moja yetu, na gari lilikuwa la saa moja jioni. Nikamweleza yule baba. Hakuniamini mpaka mtu wa mapokezi alipomthibitishia, tukatoka pamoja na kugawana nauli ya teksi.

Uwanja wa Bole uko ndani ya jiji, si kama viwanja vingine ambavyo nusu ya muda wako huishia barabarani. Nilibadilisha dola 20 tu zikanitosha. Tulikwenda Makumbusho ya Taifa kumwona Lucy, yule binadamu wa kale wa miaka milioni 3.2 aliyechimbuliwa mwaka 1974. Wenyewe humwita Dinkinesh. Kinachoonyeshwa ni nakala, mifupa yenyewe imehifadhiwa. Ni mdogo, hafiki kifuani pangu. Nikakumbuka na sisi tuna Zinjanthropus wetu wa Olduvai tangu 1959, na sijawahi kwenda kumtazama pale Dar, na kila mwezi napita. Sanamu ya Mwalimu Nyerere iliyozinduliwa Februari 2024 makao makuu ya Umoja wa Afrika sikuifikia. Nilichagua kahawa.

Na kahawa ile niacheni niisimulie. Dada mmoja amekaa kwenye kigoda, mbele yake jiko dogo la mkaa. Buni mbichi anazikaanga hapo hapo kwenye kikaango, zikianza kutoa moshi anakuletea uvute harufu kwa mkono. Anazitwanga, anazitia kwenye jebena, chombo cha udongo chenye shingo ndefu na tumbo la duara, ni kama dele letu lingefinyangwa na mfinyanzi badala ya mfua shaba. Vikombe havina mkono, vidogo kama vya wazee wetu wa barazani. Wao huinywa na bisi badala ya kashata. Nilikunywa vitatu. Kwenye ndege ya usiku sikupata lepe la usingizi, hilo ni kosa langu.

Jingine la kuzingatia kwenye kungoja kurefu: kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Ukipita nchi yenye ugonjwa huo na ukakaa uwanjani zaidi ya saa 12, ukirudi Tanzania unaweza kudaiwa. Yangu huiweka ndani ya jalada la pasipoti, haitoki.

Kwa safari ile Google Flights naipa nyota nne. Ya tano naizuia kwa sababu kwenye orodha yake huchanganya mashirika na vijiwakala visivyojulikana, na bei ya chini kabisa mara nyingi ni ya hao, begi halimo. Hoteli ya kungojea, tatu na nusu. Nusu ni ya dereva.

Ningeishia hapo kama kichwa kisingenivimba. Safari iliyofuata nikajiona mtaalamu. Nikakata tiketi mbili mbalimbali: Dar hadi mji mmoja wa Ghuba kwa kampuni moja, na kutoka pale hadi Guangzhou kwa kampuni nyingine. Jumla 655 kwenda na kurudi. Katikati niliacha saa tano, nikaona nyingi. Ndege ya kwanza ikachelewa Dar saa tatu na nusu. Nikashuka nimebakiwa na saa moja na nusu, na begi langu linakwenda kwenye mkanda ulio ng'ambo ya uhamiaji, kwa sababu tiketi mbalimbali maana yake begi linaishia ilipoishia tiketi ya kwanza. Kwenda kulichukua nahitaji viza, na sina.

Wa kwanza wakasema tumekufikisha, kazi yetu imekwisha. Wa pili wakasema hukutokea. Kila mmoja kwa karatasi yake ana haki, na mimi nimekaa katikati kwenye kiti cha chuma chenye vishikio vilivyowekwa makusudi ili mtu asilale. Baada ya kukaa pale saa sita nzima, binti mmoja wa kaunta akanihurumia. Akanikatia tiketi mpya kwa kampuni ile ile ya kwanza, ili begi lihamishwe ndani kwa ndani. Dola 410, kwenda tu. Na kumbe ukiruka kipande cha mwanzo cha tiketi, vipande vyote vinavyofuata hufutwa. Hilo nililijua Guangzhou, siku mbili kabla ya kurudi. Jumla yake sitaitaja hapa, mume wangu anajua kusoma.

Ndiyo maana siku hizi nikiona neno la kujiunganisha mwenyewe kwenye orodha naruka moja kwa moja. Nataka tiketi moja, namba moja ya tiketi, begi libandikwe mpaka mwisho. Ndege ya kwanza ikichelewa, kunifikisha ni mzigo wao.

Nimewasha arifa ya bei kwa Novemba, maonesho yakishapita. Jana saa tatu usiku simu ikalia: Dar hadi Guangzhou imeshuka dola 37, kungoja Addis saa 13. Nimemwandikia mtoto wa dada aulize ofisini kama hoteli imo. Mpaka sasa hajajibu. Leo Coastal Union inacheza.