Uzoefu wangu: duka liliniambia saa ya baba imekufa

Naandika na hasira bado ninayo. Saa yenyewe ni Seiko 5 ya marehemu baba, aliyoletewa na nduguye kutoka Muscat, ile yenye siku kwa Kiingereza na Kiarabu. Haina betri. Ukitembea, chuma cha nusu duara kilichomo ndani huzunguka na kuikaza springi, kiende kulia kiende kushoto. Haijapata kunisumbua, mpaka mwezi uliopita au ule wa kabla yake ikaanza kukimbia. Adhuhuri nikiitazama, imeshamtangulia muadhini kwa robo saa nzima.

Nikaipeleka duka moja la saa, lenye vioo vitupu, huko Dar. Kijana wa kaunta: “Betri imekwisha hiyo, mjomba.” Nikamwambia haina betri. Akacheka, akachukua kisu, akaanza kuchokonoa kifuniko cha nyuma, na kifuniko hicho hufunguliwa kwa kuzungushwa, mikato yake inaonekana wazi! Kisu kikateleza. Mkwaruzo upo, mrefu kama punje ya mchele. Kisha akanirudishia: “Imekufa. Nunua mpya.” Na pesa ya kuitazama akanidai. Nikalipa.

Ami mmoja, fundi wa saa pale Darajani, Unguja, wala hakuanza kwa kuifungua. Aliweka dira ndogo kando yake, mshale ukacheza. “Imeshika sumaku hii. Usiku unailaza wapi?” Juu ya spika ya redio, nikamjibu. Kumbe ule waya wa balansi, kigurudumu kinachopima mapigo ya saa, mwembamba kama unywele, mizunguko yake ilikuwa imegandana. Waya ukawa kama umefupishwa, mapigo yakaenda mbio. Akaiweka juu ya kisanduku cha bluu cha kuondolea sumaku, akabonyeza, akaiinua polepole. Basi. Kisha ndipo akaifungua, akanipa miwani yake ya jicho moja. Waya unapumua! Unatanuka, unajikunja, mapigo sita kila sekunde, 21,600 kwa saa moja. Sikutaka kuirudisha ile miwani.

Nilikusudia kuandika kwamba lile duka lifungwe. Lakini haki ni haki, sumaku niliitia mwenyewe, na yule kijana huenda hakupata wa kumfundisha. Nyota mbili, basi. Hapana, nafuta. Asiyejua aseme sijui. Unamwambiaje mtu saa ya babake imekufa, na wewe umeishika inapiga? Nyota moja.

Ami alitaka kuusugua ule mkwaruzo utoke. Nimemkataza. Nikivuka tena Dar, narudi nao pale pale kaunta.