Safari ya furaha au chumba karibu na wodi?

Make-A-Wish, shirika lililoanza Arizona nchini Marekani mwaka 1980, humtimizia mtoto mgonjwa sana jambo analolitamani, mara nyingi safari pamoja na familia yake. Ronald McDonald House, iliyofunguliwa Philadelphia mwaka 1974, huwapa wazazi malazi karibu na hospitali.

Kwa sisi wa Mwanza, naamini malazi yanapaswa kutangulia. Saratani ya Burkitt, ambayo mara nyingi huvimbisha taya, hutibiwa kwa dawa zinazotolewa kwa awamu, na mama aliyevuka kutoka Ukerewe kwa kivuko, akapanda kilima cha Bugando hadi hospitali huku mtoto yuko mgongoni na sufuria imefungwa ndani ya kanga, hana nauli ya kwenda na kurudi Nansio, mji wa huko kisiwani, kila awamu. Akikosa pa kulala, matibabu hukatika, ilhali ugonjwa huo hupona vizuri dawa zikikamilishwa.

Safari siidharau hata kidogo. Mtoto aliyechoshwa na sindano anahitaji siku ya kucheka, na hapa kwetu boti ya kwenda Kisiwa cha Saanane, akaone swala na pimbi juu ya mawe, ingemtosha. Ila kwanza apate kitanda, chandarua na jiko la kupikia uji.