Emacs na kibonye cha "kosa linalofuata": nilitaka kuifuta, bado ninayo

Siku si nyingi zilizopita, usiku, nilikata vipande vinne vya msimbo visivyo na kasoro hata kidogo. Nilivikata mwenyewe, nikiamini narekebisha makosa ambayo kompaila (kitafsiri cha msimbo) ilikuwa imeyalalamikia. Havikuwa na kosa. Viwili havikuwa hata kwenye faili nililodhani nimelifungua. Emacs, kihariri ninachoandikia msimbo, ndiyo iliyonishika mkono ikanifikisha pale, na haikusema neno.

Kwa ambaye hajaitumia: unaamuru M-x compile, malalamiko ya kompaila yanamwagika kwenye bafa yake (eneo lake la maandishi ndani ya Emacs), nawe unabonyeza M-g n (M ni kibonye cha Alt, na C utakayoiona mbele ni Ctrl). Kielekezi kinaruka moja kwa moja hadi kwenye faili na mstari wa kosa la kwanza. Unarekebisha, unabonyeza tena, uko kwenye la pili. Hukariri namba ya mstari wala huhangaiki kutafuta faili. Wiki moja ya kuzoea inatosha, vidole vinakwenda vyenyewe. Na vidole vikianza kwenda vyenyewe, macho nayo husinzia.

Usiku ule nilikuwa na makosa saba. Mawili nikayamaliza. La tatu lilihusu funksheni niliyokuwa nimeipunguzia kigezo kimoja, kutoka vitatu hadi viwili, nikaona heri kwanza nijue inaitwa wapi na wapi. Nikaendesha grep, chombo cha kutafuta neno ndani ya mafaili, humo humo ndani ya Emacs, nikayatupia jicho matokeo, nikarudi kazini, nikabonyeza M-g n.

Nikatua kwenye mstari wenye jina la funksheni yangu na vigezo vitatu. Nikasema naam, hiki hapa, nikakikata cha tatu. M-g n. Nikakata. M-g n. Nikakata. M-g n. Nikakata. Nilikuwa nafurahia kasi yangu, ndicho kinachoniuma zaidi. Kumbe ilikuwa funksheni nyingine, jamaa yake, jina linaanza na herufi zile zile na vigezo vitatu ni haki yake. Nikaita kompaila tena nikitarajia limebaki kosa moja. Yakaja tisa.

Karibu saa nzima ikapita kabla sijaelewa. Nilidhani M-g n ni kibonye cha makosa ya kompaila, kwani amri yenyewe inaitwa next-error. Sivyo. Ni kibonye cha orodha yoyote ya mahali pa kurukia, iwe imetoka kwa compile, kwa grep au kwa occur (utafutaji ndani ya bafa moja), na orodha iliyoanzishwa mwisho ndiyo inayoshika usukani. Emacs inaiweka kumbukumbu hiyo kwenye kigeu kimoja, next-error-last-buffer. Nilipoendesha grep, makosa yangu matano yaliyobaki yalipokonywa usukani, na jina la amri likabaki lile lile la kudanganya. Tokeo la grep ni kosa tangu lini?

Nilimwendea mtu ninayemjua ameitumia miaka mingi. Sikumaliza hata kueleza. "Hiyo si hitilafu, ndivyo ilivyo. Soma mwongozo." Akarudi kwenye skrini yake. Nilienda kuusoma kwa nia ya kumwonyesha kwamba hakuna kilichoandikwa. Kimeandikwa. Sijamrudia kumwambia, na sitamrudia.

Hapo nilikuwa tayari kuipa nyota moja na kuondoka. Programu ambayo mizizi yake ni ya mwaka 1976, GNU Emacs yenyewe ikifuata katikati ya miaka ya 1980, ilikuwa na muda wa kutosha kuamua neno "kosa" lina maana gani.

Kilichonizuia ni kitu kidogo. Kabla ya kuifuta nilibonyeza C-h k, kisha M-g n, nione inajieleza vipi. Maelezo yakaja, na ndani yake jina la faili, simple.el. Nikabonyeza jina, nikajikuta ndani ya msimbo wa amri ile iliyonitesa. Si nakala yake kwenye tovuti fulani. Ni ule ule unaoendesha kihariri kilicho mbele yangu, na mpangilio wa kuchagua bafa umeelezwa hatua kwa hatua. Hasira ilipungua, lazima nikiri. Ni programu ngapi zikikukosea unaweza kuzifungua kifua papo hapo?

Nikaona kuna chaguo, next-error-find-buffer-function, na mojawapo ya thamani zake huagiza ichukuliwe bafa inayoonekana kwenye fremu (dirisha zima la Emacs) uliyomo. Nikaiweka, nikapiga kofi la ushindi. Siku mbili baadaye nikakosewa tena. Thamani ile hufanya kazi pale tu bafa ya namna hiyo ikionekana moja. Zikionekana mbili, compile huku na grep kule, inanyoosha mikono na usukani unarudi kwa aliyeanzishwa mwisho. Yaani inafanya kazi kila mahali isipokuwa pale pale nilipoumia. Nyota zikashuka tena.

Mwishowe nikaandika amri yangu, mistari minne ya Elisp, lugha ya Emacs yenyewe: irudishe next-error-last-buffer kwenye *compilation*, bafa ya kompaila, kisha iite next-error. C-x C-e mwishoni mwa mabano, ikawa hai bila kuzima wala kuwasha chochote. Nikaipa F8, kwa kuwa F5 hadi F9 ni vibonye walivyoachiwa watumiaji. Sasa grep inaweza kuja na kuondoka, F8 haitikisiki. Nilibonyeza F8 mara nyingi kuliko makosa niliyokuwa nayo, kwa raha tu.

(Mkono ukiwa umechangamka nikapandisha na compilation-skip-threshold kutoka 1 hadi 2 ili maonyo yarukwe, makosa pekee ndiyo yasimamiwe. Msifanye hivyo. Onyo la kwanza lililorukwa lilihusu kigeu kisichopewa thamani ya mwanzo, na ndicho kilichokuwa kinaiangusha programu yangu. Nimeirudisha 1.)

Sasa nirudi juu nilikoandika kwamba haikusema neno. Nilikuwa nimeshafika hapa kwenye kuandika, nikafungua bafa ya *Messages*, ambako Emacs huweka kila ilichokutamkia, nitafute ushahidi wa ukimya wake. Nikakuta imesema. Kila nilipobonyeza M-g n ilikuwa ikiandika chini kabisa ya skrini kwamba inanipeleka kwa orodha ya *grep*, jina kabisa. Mara zote nne. Nilikuwa nakata vigezo huku jibu liko vidole vitatu chini ya macho yangu.

Kwa hiyo nafuta "haikusema neno". Ilinong'ona. Lakini nani ananong'ona wakati mwenzake anatembea kuelekea shimoni? Kumbadilishia mtu orodha nzima katikati ya kazi si jambo la mstari mmoja mwembamba unaofutika ukigusa kibonye kinachofuata. Huko nyota siongezi.

Nimeiongezea kitu kwenye next-error-hook, ambayo huitwa kila baada ya mruko: kama orodha inayoongoza si ya *compilation*, lia kengele. Mistari miwili. Juzi nilikuwa katikati ya makosa, nikaendesha grep, vidole kwa mazoea vikaenda M-g n badala ya F8. Ikalia. Niliruka kwenye kiti, nikatazama chini, nikasoma *grep*, nikautoa mkono kwenye kibonye cha kufutia.

Nyota tatu. Au nne, kwa ajili ya ile C-h k. Ila yule wa "soma mwongozo" asihesabiwe humo.